Jibu la Nyuma ya Pazia

Dobi alikuwa ameahidi kukaa nje. Aliahidi wakati wa chai, akaahidi tena mlangoni, na bintiye alipomtazama kwa lile jicho la "nakujua wewe", akaapa kabisa. Mtihani ulikuwa wa kufanyia nyumbani, kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe ilikuwa na kamera ndogo juu ya kioo iliyomtazama mtahiniwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chumbani hakutakiwa kuonekana mtu mwingine, wala kusikika sauti nyingine. Akigundulika mtu wa pili, basi, mtihani umekwenda na maji.

"Hata kukohoa, baba."

"Nitakwenda kukohoa kwa jirani."

"Na redio?"

"Redio nimeichomoa tangu jana. Kafanye mtihani wako, Daktari, usinifanye mtoto mdogo."

Binti alikuwa akisomea uuguzi, si udaktari, lakini baba yake alimwita Daktari tangu siku alipopata nafasi ya chuo kikuu, na mama mtu, aliyeuza mboga sokoni, alikuwa ameshachoka kumsahihisha. Kompyuta waliazima. Ilikuwa ya rafiki wa binti, msichana mmoja mrefu wa darasa lao ambaye kwao kulikuwa na kompyuta mbili, na aliyeileta akaikabidhi kwa mikono miwili huku akiangalia huku na huku aone itawekwa wapi. Dobi aliipangusa meza mara mbili mbele yake. Aliona namna msichana yule alivyoliangalia pazia, akajua anachofikiri, akajifanya hakuona.

Maana nyumba ilikuwa vyumba viwili, na kati ya kimoja na kingine hakukuwa na mlango, bali pazia. Mbele ndiko kulikokuwa na kazi: meza ya kupigia pasi iliyozungushiwa blanketi kuukuu, kamba ya kutundikia nguo, chupa ya maji ya kunyunyizia yenye kizibo kilichotobolewa matundu. Nyuma kulikuwa na vitanda, kabati, na ile meza ndogo ambayo leo ilikuwa imegeuka ukumbi wa mtihani.

Basi dobi akakaa nje kwenye benchi. Angekaa hapo mpaka mwisho na hadithi hii isingekuwepo, kama isingekuwa suti ya watu. Mwenye suti alikuwa na usaili wa kazi mchana ule ule. Umeme ulikuwa umekatika jana yake mchana kutwa; koti lilikuwa tayari, suruali bado. Dobi akawaza: pasi haina mdomo. Nikiingia peku, nikapiga mikunjo miwili, nikatoka, nani atajua? Na mtu asipopata kazi kwa sababu ya suruali iliyokunjamana, hiyo nayo si dhambi?

Akavua viatu, akaingia.

Sasa ni lazima ijulikane jinsi watu hawa wawili walivyokuwa wakisoma, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nyumbani hawakuweza kununua intaneti ya kutosha kusikilizia masomo. Binti aliyapakua chuoni, kulikokuwa na intaneti ya bure, akayabeba kwenye simu yake iliyopasuka kioo, na akifika nyumbani aliiegemeza simu kwenye chupa ya maji, juu ya meza ya pasi, akafungulia. Spika za masikioni zilishakufa, kwa hiyo kila alichosikia yeye, baba alisikia. Mwalimu wa moyo na mishipa alizungumza hadi mashati yakaisha, mwalimu wa figo akaingia na mashuka. Somo likiisha, binti hufungua maswali ya mazoezi, akayasoma kwa sauti huku akiyageuza kwa lugha ya nyumbani, na dobi, bila kuinua macho kwenye pasi, hujibu.

Alijibu haraka, kwa kujiamini, na kwa kutoa sababu. Binti humsikiliza hadi mwisho, halafu husema, "Asante, baba. Umenisaidia sana." Basi dobi hunyoosha mgongo na kukandamiza kola kwa nguvu mpya. Wenzake binti darasani walikuwa na programu za kulipia za kuwauliza maswali na kuwapa majibu. Yule msichana mrefu alipata kumtania bintiye mbele yake, "Sisi tuna programu, mwenzetu una mzee." Dobi alilichukua neno hilo kama sifa, akatembea nalo mtaa mzima.

Siku ya mtihani alikuwa amefika kwenye mguu wa pili wa suruali, mvuke unafuka taratibu, aliposikia sauti ya binti nyuma ya pazia. Ilikuwa ndogo, ya mtu anayejisemea peke yake.

"Mgonjwa ametapika na kuharisha tangu jana. Mdomo umekauka, ngozi imelegea. Mapigo ya moyo... yatakuwaje?"

Na ulimi ukamponyoka.

"Yatashuka! Huyo si kaishiwa nguvu!"

Dobi alibaki na pasi hewani. Pazia halikufika chini vizuri upande mmoja, na kwa upenyo ule alimwona binti ameligeukia pazia, na usoni mwake, kwa muda wa kufumba na kufumbua, tabasamu. Halafu tabasamu likafutika, macho yakamtoka pima, akairudia kompyuta yake. Dobi akaiweka pasi kwenye kisahani chake kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje peku, suruali mkononi, moyo unampiga kama ngoma.

*

Mama aliporudi kutoka sokoni aliwakuta wamekaa kila mtu upande wake. Alitua kikapu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nani kafa?"

"Baba kajibu mtihani," binti alisema.

Mama alimgeukia mumewe. Dobi alianza kueleza habari za suti, za usaili, za umeme wa jana, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mepesi mdomoni mwake.

"Neno moja tu," akamalizia. "Labda haikusikia. Mashine nayo si ina kelele zake?"

"Kiherehere chako hicho," mama alisema, na hakusema zaidi, jambo ambalo kwa dobi lilikuwa baya kuliko kutukanwa.

Siku chache baadaye ujumbe uliingia kwenye simu. Mfumo wa mtihani ulikuwa umenasa sauti ya mtu wa pili, ya kiume, na mtahiniwa ameonekana akigeuka upande ilikotoka sauti hiyo. Matokeo yake yamezuiwa. Afike mbele ya kamati ya mitihani kujieleza, na akikutwa na hatia atasimamishwa masomo mwaka mzima. Ufadhili wake wa masomo usingemsubiri mwaka mzima. Hilo halikuandikwa, lakini wote watatu walilijua. Binti alisoma ujumbe kwa sauti hadi mwisho, kama alivyosoma kila kitu, kisha akaifunika simu mezani.

"Nitakwenda nikawaambie ni mimi," dobi alisema.

"Nitasema ilikuwa redio ya jirani."

"Uongo? Kwa watu wenye mashine inayojua sauti ya mwanamume na ya mwanamke?"

"Baba, usije. Tafadhali."

"Kwa nini nisije?"

Binti akainuka, akaenda nyuma ya pazia. Dobi alidhani anamwonea haya: mikono yake ya kuungua ungua, kiatu chake kilichoshonwa ubavuni. Lilimuuma, lakini alilimeza. Na lazima tuseme ukweli wote: katika wiki ile ya kukosa usingizi, chini kabisa ya hofu yake, lilikuwepo jambo lingine dogo alilolionea aibu. Alikuwa amejibu swali la mtihani wa chuo kikuu. Yeye. Alikuwa amemponza mtoto, ndiyo, lakini alimponza kwa jibu sahihi. Usiku alilibeba hilo kifuani kama pipi aliyoificha.

*

Siku ya kamati dobi alikataa kubaki nyumbani, akapiga shati lake pasi mpaka likasimama lenyewe. Getini chuoni mlinzi alimwuliza binti, "Huyu naye?" na binti akajibu, "Ni baba yangu," upesi na kwa sauti, hata dobi akaanza kushuku kwamba labda hakuwa akionewa haya. Walikalishwa kwenye kiti kirefu ukumbini. Wanafunzi walipita na simu zao, wengine wakisikiliza masomo huku wanatembea, na mmoja alipita na sauti ambayo dobi aliijua vizuri.

"Mwalimu wa figo," akanong'ona.

"Ndiye, baba." Binti alitaka kucheka, ikashindikana.

Ndani walikuwepo watu watatu. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye miwani. Mwalimu wa somo lile, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Na fundi wa mitambo aliyekuwa na kompyuta mbele yake. Shikamoo zikatolewa na kuitikiwa. Kiti cha mbele ya meza kilikuwa kimoja. Binti alikivuta kwa ajili ya baba yake, mwenyekiti akasema, "Hapana, akae mtahiniwa," na kwa hiyo dobi akasimama nyuma yake, mikono amefumbata, kama mtu aliyekuja kuchukua nguo chafu.

"Sauti hiyo ilikuwa ya nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Yangu," dobi akasema kabla ya binti kufungua mdomo. "Mtoto hana kosa. Alinikataza nisiingie, nikaingia. Nina kazi ya pasi. Nilimsikia anasoma swali, nikajibu kwa mazoea."

"Mazoea?"

"Huwa tunasoma pamoja, mheshimiwa. Yeye anauliza, mimi najibu." Akakohoa. "Huwa namsaidia."

Mwenyekiti alimtazama kwa juu ya miwani. "Kwa hiyo unakiri ulimpa jibu."

"Nilitoa jibu. Lakini asingelihitaji! Huyu angelipata mwenyewe, ana akili kunishinda. Msimnyang'anye mwaka kwa ajili ya mdomo wangu."

Kila alivyozidi kumtetea ndivyo alivyozidi kumchimbia, na akaliona hilo kwenye uso wa mwenyekiti aliyekuwa ameshaanza kuandika. Mwalimu wa somo aliinua mkono kidogo.

"Ulisema jibu gani, mzee?"

"Nilisema yatashuka." Hakuweza kujizuia, aliongeza na sababu. "Mapigo ya moyo. Mtu kaharisha, katapika, kaishiwa nguvu. Yatashuka."

Mwalimu alimwomba fundi afungue karatasi ya majibu ya binti, halafu rekodi yenyewe. Chumba kikajaa sauti ya nyumbani kwao: mvuke wa pasi, sauti ndogo ya binti, halafu sauti ya dobi, kubwa, ya kujiamini, ya mtu anayejua. Huyo si kaishiwa nguvu! Fundi wa mitambo aliinama kuficha kicheko. Dobi alijisikia masikio yanawaka.

"Ameandika yatapanda," mwalimu alisema. "Na amelijibu kabla sauti haijasikika. Ni sahihi. Yanapanda."

Ilimchukua dobi muda kulielewa neno hilo. Kwanza furaha ilimjia tupu, ya mtu aliyenyanyuliwa gunia mgongoni: mtoto hakuiba jibu, mtoto amepona. Furaha haijakaa sawa, nyuma yake likafuata lingine: jibu lake yeye lilikuwa kosa.

Lakini mwenyekiti hakuwa ameridhika. Alimwambia fundi asimamishe picha mahali pale binti alipogeukia pazia, akaigeuza kompyuta ili wote waone. "Binti, hapa unatabasamu. Mtu aliyeshtushwa na sauti asiyoitarajia hatabasamu. Hii inaonyesha mlikuwa mmepanga. Nieleze."

Binti aliitazama picha yake kwenye kioo.

"Nakusubiri."

"Sema, Daktari," dobi akasema taratibu. "Useme tu."

Binti aligeuka akamtazama baba yake, na dobi akaona kwamba macho yale hayaogopi kamati. Yalikuwa yakimwogopea yeye. Hapo ndipo alipojua kwa nini aliambiwa asije.

"Sema, mwanangu. Mimi si yai."

"Nilitabasamu kwa sababu alikosea," binti alisema, akiwa ameelekeza uso mezani. "Huwa anakosea. Nilishajibu, nikawa nalirudia swali kujihakiki, halafu nikasikia anajibu kama nyumbani, nikajisahau."

"Huwa anakosea?" mwalimu aliuliza. "Mara kwa mara?"

"Karibu kila mara."

"Na wewe humwambia nini?"

"Namwambia asante."

Hakuna aliyecheka safari hii. Dobi aliutazama ukosi wa koti la mwenyekiti, mahali ambapo pasi ilipita vibaya ikaacha mng'ao, akaukazia macho kwa sababu ilibidi aangalie kitu.

"Sasa unanufaika nini," mwenyekiti aliuliza, kwa upole kidogo, "kusoma na mtu anayekosea?"

"Programu za wenzangu zinasema umekosa, basi, zinaleta swali lingine. Baba anatoa sababu. Akisema yatashuka, najiuliza, mbona mtu mwenye akili zake timamu anafikiri hivyo? Nikipaona pale alipopotea, jibu silisahau tena." Akamgeukia mwalimu. "Na wagonjwa watakaonijia hawajasoma, mwalimu. Watawaza kama baba. Kozi nzima sina kitu kilichonisaidia kama yeye. Sikuwa nikimdanganya nilipomwambia amenisaidia. Ila sikumwambia vipi. Alikuwa anafurahi."

Walitolewa nje, wakaitwa tena. Uamuzi ulikuwa mfupi. Hakukuwa na udanganyifu. Kanuni ya kukaa peke yako imevunjwa, kwa hiyo atapewa onyo, na swali lile linafutwa. Matokeo ya mengine yatatoka.

"Swali linafutwa?" dobi alishtuka. "Lakini si alilipata!"

"Alilipata, mzee. Linafutwa."

"Nikatwe mimi, basi!"

"Wewe, mzee," mwenyekiti alisema, akifunika kalamu yake, "huna maksi."

*

Walitembea hadi nje ya geti, wakapita maduka ya kutoa nakala na vibanda vya kutengeneza simu. Binti alikuwa nusu hatua nyuma, kama alivyotembea alipokuwa mdogo amefanya kosa.

"Baba."

"Mmh."

"Nisamehe."

"Umeniokoa aibu ya kukuponza, nikusamehe nini tena?" Alisema hivyo, na alimaanisha, na bado moyoni alikuwa akihesabu. Miaka yote ile ya figo na mashuka. Alikumbuka siku alipomweleza mteja mzima mzima, kwa mikono, jinsi ini linavyofanya kazi. Mungu wangu, yule mteja! Akasimama katikati ya njia.

"Ini je? Ile ya ini nilipata?"

Binti alisita. "Nusu."

"Nusu ipi?"

"Lipo upande wa kulia. Hapo ulipata."

Dobi akaendelea kutembea. Nyumbani alimkuta mkewe mlangoni, roho juu. Akamwambia kwamba mtoto amepona, na mama akakaa chini palepale kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa khanga. Alipokwisha kujipangusa macho, dobi alimwuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe ulikuwa unajua kwamba huwa nakosea?"

"Mimi si naishi humu humu?" mama alisema.

Siku zilizofuata dobi alipiga pasi bila kusema. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya maji kama kawaida, mwalimu akazungumza, somo likaisha. Binti alisoma maswali, akasubiri, na kwenye nafasi ile ya jibu kukawa na mvuke tu. Akasoma lingine. Mvuke. Akaanza kujijibu mwenyewe kwa sauti ya chini, na yeye mwenyewe aliyasikia majibu yake yalivyokuwa makavu, yasiyoshika mahali. Mwishowe akaizima simu, akabaki amekaa na mikono mapajani.

Dobi aligeuza shati upande wa pili.

"Kwa nini yanapanda?" akauliza.

"Nini?"

"Mapigo. Mtu kaharisha, kakauka. Kwa nini yapande?"

Binti alisogeza kigoda. Alieleza polepole: maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua, moyo unakuta kilichobaki ni kidogo, na mwili wote unadai fungu lake vilevile, kichwa kinadai, figo zinadai, basi moyo unakizungusha hicho kidogo upesi upesi ili kila mahali pafikiwe.

Dobi alisimamisha pasi. Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, hata binti akanyoosha mkono kuiinua pasi isiunguze.

"Kumbe mtu akiwa hana, ndipo anapokimbia zaidi."

"Ndiyo, baba."

"Kama mama yako mwisho wa mwezi."

Nyuma ya pazia mama akasonya, binti akacheka, akacheka mpaka akafuta macho. Dobi hakucheka. Alichukua chupa, akanyunyiza maji kwenye kola, akaegemeza simu vizuri pale ilipokuwa imeteleza.

"Haya, soma lingine. Lakini asante zako hizo sizitaki tena."

Binti akasoma. Mgonjwa wa kisukari, ametokwa jasho ghafla, anatetemeka, anaongea asichokijua. Sukari yake imefanya nini? Dobi alijibu pale pale kwamba imepanda, haraka, kwa kujiamini, na kwa kutoa sababu.

Binti alivuta pumzi.

"Umekosea, baba."

Pasi ikasita hewani. Kisha dobi akaiweka kwenye kisahani chake, akavuta kiti, akaketi mbele ya bintiye.

"Nimekosea wapi?" akasema. "Nionyeshe."